Umbo la kiko ni jibu, si swali

Nyie mliozoea kusoma hapa habari za msimbo, hifadhidata na simu zinazogoma kuwaka, leo nawaomba mnivumilie kidogo. Nataka tuzungumzie kiko. Ndiyo, kiko cha tumbaku, kile ambacho wazee wetu hapa Usenge hukiita kwesi kwa Dholuo. Na kabla hujaufunga ukurasa, ngoja nikwambie kwamba hili ni suala la teknolojia kamili. Lina joto ndani yake, lina mwendo wa hewa, lina unyevu, lina uzito, na lina mtumiaji ambaye mara nyingi hakuna aliyemwuliza anataka nini.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili tusizungushane. Watu wengi huchagua kiko kwa kutazama umbo. Hiki kimenyooka, kile kimepinda, hiki kina shingo ndefu kama ya korongo, basi nakitaka. Mimi nasema umbo ni jibu. Maswali ni haya: unavutia wapi, kwa muda gani, mikono yako inafanya nini wakati huo, na unavuta tumbaku gani? Ukianza na jibu kabla ya swali utanunua kitu kizuri cha kuwekwa kabatini. Sisi waandika programu tunaujua sana ugonjwa huu. Mteja anakuja na picha ya programu aliyoiona kwa mwenzake, anasema nitengenezee kama hii, na hakuna anayeuliza dukani kwake kuna umeme au hakuna.

MADUKA YANAULIZA SWALI GANI?

Ingia kwenye tovuti yoyote ya ng'ambo inayouza viko. Kitu cha kwanza kukutana nacho ni orodha ya maumbo, na majina yake ni kichekesho. Biliadi ni mchezo wa mezani. Dublin ni mji wa Ireland. Buldogi ni mbwa. Kiko chenye mrija mrefu sana kimepewa jina la mzee wa kanisa la Kiingereza. Majina haya yana historia yake na sina ugomvi nayo, lakini hayamwambii mnunuzi chochote kuhusu kazi ya kifaa. Ukiniambia kiko hiki ni Dublin, sijui bado kama kitanichoma mkono.

Sasa linganisha na Kiswahili. Kamusi za zamani zimetuwekea msamiati wa kiko cha maji, kile cha pwani, sehemu baada ya sehemu. Bori ni kile kikombe kinachobeba tumbaku na moto. Digali ni mrija unaoushusha moshi kutoka kwenye bori hadi kwenye maji. Kiko chenyewe ni chombo cha maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi. Shilamu ni mrija unaoupeleka moshi mdomoni kwa mvutaji. Na malio ni ile sauti ya maji yanapobwabwaja. Jamani, hata sauti ya kifaa ilipewa jina! Huo ndio uhandisi. Kila neno linataja kazi, na ukijua kazi ya kila sehemu unaweza kuibadilisha sehemu moja bila kuivuruga nyingine.

Katika makala haya nitatumia bori kwa kikombe na mrija kwa ile sehemu inayokwenda mdomoni, hata kwa viko visivyo na maji. Haya, twende kwenye maswali.

SWALI LA KWANZA: UTAVUTIA WAPI?

Usenge iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kaunti ya Siaya, na mtu wa hapa hahitaji kufundishwa habari za upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Upepo ukipiga juu ya bori hufanya kazi ile ile ya mivukuto ya mhunzi. Moto unawaka kuliko ulivyoutaka, tumbaku inaisha upesi, bori linapata moto na moshi unakuja mkali wa kuuma ulimi.

Kwa hiyo kama unavutia nje, chini ya mti au ufuoni, bori pana lenye kina kifupi halikufai. Chukua bori lenye kina na mdomo mwembamba, ambamo moto umejificha ndani. Kuna pia viko vyenye kifuniko cha chuma chenye matundu. Hivyo havikubuniwa kwa urembo. Vilibuniwa kwa watu wa nje, ili upepo usipulize cheche.

Na kama unavutia ndani ya mashua? Hapa sina umbo la kukushauri. Mashua yenye injini ina petroli, ina nyavu za nailoni, na wanaokwenda kuvua omena usiku wana taa zao humo humo. Kiko bora cha mashuani ni kile kilichobaki nyumbani.

SWALI LA PILI: KWA MUDA GANI?

Muda wa kuvuta unategemea zaidi ujazo wa bori, na hapa macho hudanganya. Tufanye hesabu ndogo. Bori lenye upana wa ndani wa milimita 19 na kina cha milimita 35 lina ujazo wa karibu sentimita 10 za ujazo. Ongeza upana uwe milimita 22, kina kibaki vilevile, unapata zaidi ya 13. Milimita 3 tu, ambazo kwenye picha huwezi hata kuziona, zimeongeza theluthi nzima ya tumbaku! Sababu ni kwamba upana unazidishwa kwa wenyewe katika hesabu ya duara. Kina hakizidishwi hivyo.

Kwa hiyo mtu mwenye robo saa ya kupumzika asinunue bori kubwa akisema atajaza nusu. Puuzia umbo la nje. Soma vipimo viwili vya ndani, upana na kina. Duka lisilotaja vipimo hivyo linakuuzia picha.

SWALI LA TATU: MIKONO YAKO INAFANYA NINI?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana ndilo linaloamua kati ya kiko kilichonyooka na kilichopinda. Kama mikono iko huru, kiko kinashikwa mkononi na uzito si neno. Kama mikono ina kazi, kiko kinashikwa na meno, na meno yanabeba uzito ukizidishwa kwa umbali.

Tuchukue kiko cha gramu 50. Kikiwa kimenyooka, tuseme uzito wake uko sentimita 12 kutoka kwenye meno. 50 mara 12 ni 600. Kikipinda, bori linarudi karibu na kidevu, tuseme umbali unakuwa sentimita 8. 50 mara 8 ni 400. Uzito ni ule ule lakini taya limepunguziwa theluthi ya mzigo. Sasa yule mwenye mrija mrefu wa jina la mzee wa kanisa, umbali wake ni mara mbili ya huo. Hicho ni kiko cha kukaa kitini na kukishika mkononi. Ukijaribu kukiuma huku unaandika kwenye kibodi, taya litakujibu.

Lakini kupinda kuna bei yake. Moshi una mvuke wa maji, na mvuke ukipoa unakuwa matone. Kwenye kiko kilichopinda matone hukusanyika pale kwenye kona, na utayasikia. Tena ule waya wenye nyuzi wa kusafishia haupiti kwa urahisi hadi kwenye bori. Kilichonyooka unakisafisha kwa kusukuma mara moja. Kwa hiyo mtu anayeuma kiko muda mrefu achague kilichopinda na awe tayari kukisafisha. Mvivu wa kusafisha achague kilichonyooka kilicho chepesi.

SWALI LA NNE: UNAVUTA TUMBAKU GANI?

Tumbaku kali ya majani makavu ya sokoni haitaki bori kubwa. Nikotini yake itakushika kabla hujafika nusu. Tumbaku ya Virginia iliyobanwa na kukatwa vipande, wavutaji wengi huipendea bori jembamba lenye kina, ambamo huungua polepole. Mchanganyiko wa majani ya aina nyingi huvutwa na wengi katika bori pana, kwa sababu uso mpana wa moto huunguza aina zote kwa wakati mmoja na unazipata ladha zake pamoja. Hii si sheria, ni mazoea ya wavutaji, lakini mahali pa kuanzia ni hapo.

NA MALIGHAFI JE?

Huwezi kutenganisha umbo na kitu kilichotumika. Udongo wa kuchomwa hauachi ladha ya jana katika tumbaku ya leo, lakini hupata moto upesi hata usiweze kulishika bori. Ndiyo maana viko vya udongo vya Gouda, Uholanzi, vilikuwa na mirija mirefu na vingi vilikuwa na kisigino kidogo chini ya bori. Joto ndilo lililochora umbo lile.

Viko vingi vya mbao leo hutengenezwa kwa kinundu cha mzizi wa mti uitwao Erica arborea, ambao haushiki moto kirahisi. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ulijijengea jina kwa viko hivyo tangu karne ya 19. Mti wenyewe si mgeni kwetu, unaota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa mbao hii huvumilia joto, fundi ana uhuru wa kuikata apendavyo, na hapo ndipo majina ya mbwa na miji yalipopata nafasi.

Kuna gunzi la mahindi, ambalo kampuni ya Missouri Meerschaum ya Marekani imekuwa ikitengenezea viko tangu 1869. Ni jepesi mno, na kwa mtu anayeuma kiko, wepesi hushinda uzuri. Na kuna jiwe jeupe la sepiolaiti, ambalo Wajerumani waliliita Meerschaum, yaani povu la bahari. Jiwe hili hunyonya unyevu. Linajulikana sana kutoka Eskişehir, Uturuki, lakini linapatikana pia bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na upande wa Tanzania limechimbwa Sinya. Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vya jiwe hilo, vikauzwa hadi Ulaya na Marekani kwa chapa ya tembo. Na unajua jina lake lilikuwa nani? Kiko! Wakusanyaji wa vitu vya kale huko ng'ambo wanalitaja neno letu hilo hadi leo, wengine bila kujua maana yake.

KWESI YA BABU

Sasa niwape mfano wa nyumbani, maana bila mfano haya yote ni maneno ya kitabuni.

Miaka mitatu iliyopita ami yangu anayeishi ng'ambo alimnunulia babu kiko kupitia duka moja la mtandaoni. Kilikuwa kizuri, sitadanganya. Mbao ya rangi ya kahawia, kimenyooka, kina pete ya fedha shingoni. Babu alikitumia siku nne. Siku ya tano akarudi kwenye kwesi yake, yenye bori dogo la udongo na mrija wa mti. Nyumbani wakaanza kusema kwamba mzee hataki maendeleo, kwamba jaduong' amezoea vya kale na hawezi kujifunza kitu kipya.

Mimi nilikaa naye nikamwuliza maswali manne, kama ninavyomwuliza mteja. Unavutia wapi, babu? Nje, mbele ya nyumba, upepo wa ziwa ukinipiga usoni. Kwa muda gani? Kidogo tu jioni, mjukuu wangu, tumbaku yenyewe ni ghali. Mikono inafanya nini? Si unaniona nashona nyavu? Tumbaku gani? Ile kali ya soko la hapa.

Basi piga hesabu mwenyewe. Anavutia kwenye upepo, akaletewa bori pana. Anataka robo saa, akaletewa bori la saa nzima. Mikono ina nyavu na magego yamebaki mawili, akaletewa kiko kizito kilichonyooka. Tumbaku ni kali, akaletewa ujazo mkubwa. Kile kiko kilishindwa maswali yote manne. Kwesi ilifaulu matatu, na kwa lile moja la mikono babu alikuwa na ufumbuzi wake. Mrija wake ni mrefu kidogo, kwa hiyo bori analiegemeza kwenye goti lililokunjwa na meno hayabebi kitu.

Tena kuna jambo ambalo mwandika programu yeyote atalipenda. Kwesi ni sehemu mbili zinazotengana. Bori limefinyangwa kwa udongo na kuchomwa, na ufinyanzi kwetu Waluo ni kazi ya akina mama. Mrija ni mti tu. Mrija ukivunjika au ukiziba kwa masizi, unachonga mwingine, bori linabaki lile lile. Bori likipasuka, mrija unabaki. Kile kiko cha ng'ambo ule mdomo wa plastiki ngumu ukivunjika unahitaji fundi wa kuutengenezea mwingine uliopimwa kwa tundu lile tu, na Usenge fundi huyo hayupo. Nani hapo aliye na kifaa cha kisasa?

Wale waliosema babu hataki maendeleo walisoma kosa la mbuni wakaliandika kwa jina la mtumiaji. Hili huniudhi sana. Nimeliona kwa mama wauza samaki wanaoambiwa hawajui kutumia programu iliyoandikwa na mtu asiyejua kwamba mikono ya muuza samaki ina maji na magamba. Mtu akikataa kifaa, kabla hujamwita mshamba, mwulize maswali manne.

WANAOSEMA UMBO NI MAPENZI TU

Kuna rafiki yangu, naye ni mvutaji, anayesema nachosha watu bure. Kiko ni cha starehe, na starehe haina hesabu. Mtu achague kinachompendeza macho. Namwelewa. Mimi mwenyewe huvuta bori moja dogo Jumamosi jioni, na sikatai kwamba kiko changu nakipenda hata kikiwa kimelala mezani. Lakini uzuri una nafasi yake, nayo ni ya mwisho. Ukishajibu maswali manne, utabaki na maumbo matatu au manne yanayokufaa. Hapo fungua macho, chagua linalokupendeza. Ukianza na uzuri, utakuwa unakitumikia kiko badala ya kiko kukutumikia wewe.

JAMBO AMBALO UMBO HALIWEZI

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa pana watu wanaodanganywa. Nimesema umbo hubadilisha joto, unyevu, muda na uzito. Sikusema hubadilisha sumu. Mrija mrefu huupoza moshi kidogo, hauutakasi. Jiwe la Amboseli hunyonya unyevu, halinyonyi saratani. Na maji ya kiko cha pwani, au ya shisha ambayo ni ndugu yake, hayachuji moshi ukawa salama. Moshi uliopoa unavutika kwa ulaini zaidi, na mtu huishia kuvuta mwingi zaidi. Wizara ya Afya ya Kenya ilipoipiga marufuku shisha Desemba 2017 watu walilalamika na kwenda mahakamani, lakini mabishano ya sheria hayajabadilisha kemia.

Wengine husema mvutaji wa kiko haumezi moshi, basi yuko salama. Si kweli. Moshi wa kiko hupitisha nikotini kwenye ngozi ya ndani ya mdomo hata bila kumezwa, na mvutaji wa kiko anajiweka kwenye hatari ya saratani ya midomo, ulimi, koo na hata mapafu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 nayo haisemi kiko kilichopinda kiko huru. Mahali pa umma ni mahali pa umma.

Babu anayajua haya. Nimemweleza mimi, na daktari amemweleza vizuri kuliko mimi. Jibu lake ni kwamba ameishi na kwesi kuliko nilivyoishi mimi duniani, na sina la kumwongeza zaidi ya kumwomba bori lisizidi ukubwa wa lile dogo. Kwa kijana ambaye hajaanza, ushauri wangu ni mfupi zaidi: usianze. Kwenye maswali yangu manne kuna la sifuri linalotangulia yote, nalo ni kama unahitaji kiko kabisa. Programu nzuri kuliko zote ni ile ambayo haikuhitaji kuandikwa.

KWA WANAOJENGA MADUKA YA MTANDAONI

Namalizia na wenzangu wa kazi. Kama utapewa kazi ya kujenga duka la viko, au la majembe, au la viatu vya kuvulia samaki, usianze na orodha ya maumbo kwa sababu tu bosi ana picha zake tayari. Weka maswali mbele. Mahali, muda, mikono, na kinachotiwa ndani. Andika vipimo vya ndani kwa milimita na uzito kwa gramu. Taja kama sehemu zinatengana, na kama zikivunjika mtu wa kijijini anaweza kuzitengeneza. Halafu ndipo uonyeshe picha, zikiwa chache na zimechujwa. Utarudishiwa bidhaa chache zaidi, na hakuna babu atakayeitwa mshamba kwa ajili yako.

Nyie mlio na wazee wanaovuta kwesi, kiko cha nazi au mtemba wa mti, waulizeni kwa nini chombo chao kina umbo lile, kisha niandikieni hapo chini. Hasa watu wa pwani, nataka sana kujua kama kuna ambaye bado analiita lile bwabwajo la maji malio.